Jembe la Mama Feza

Mapendo mwanangu,

Watu huandika barua kama hii usiku, machozi yakidondokea karatasi, ili mtoto aone wino umechuruzika ajue alipendwa. Mimi naandika saa kumi za mchana, nimekaa jikoni kwenye kigoda, maharagwe yanachemka, na wewe uko kwa shangazi zako unaagwa. Machozi sina. Nina kalamu yako ya buluu, nimeichukua bila kuomba.

Sitakuambia uchemshe maji. Sitakuambia usipande pikipiki na dereva aliyelewa, wala ufunge mlango, wala usali kabla ya kulala. Umesoma uganga wa hospitali miaka yote ile. Kama hujui kuchemsha maji basi tumekwisha. Hayo shangazi zako wanakuambia hivi sasa, wote kwa mara moja, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuyawaza. Wasikilize, wanakupenda. Mtu asiye na la kusema huwa na mawaidha mengi.

Nimefungua begi lako. Kasirika ukitaka, lakini soma kwanza. Juu kabisa, juu ya Biblia na viatu vya plastiki, umekunja jile yako, ile fulana ya kazi isiyo na mikono, rangi ya machungwa, mifuko minne mbele, maandishi makubwa mgongoni ili hata mtu aliye mlima wa pili ajue nani anapita. Siku ulipoileta uliivaa humu ndani ukajizungusha mbele ya kile kioo chetu kilichopasuka. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku. Ulidhani nina wivu, na shangazi yako mkubwa alikuambia hivyo pia. Laiti ungekuwa wivu.

Kazi unayoiendea naijua. Utakaa Mubi, utazunguka vijiji vya Walikale kuwapelekea wanawake matibabu karibu na milango yao, kwa sababu kituo kiko mbali, njia ni tope, na wenye bunduki wako kila kona. Ni kazi njema, sitaidharau. Wakubwa wako wameipa jina refu la Kifaransa, nami jina hilo nililiimba kabla wewe hujang'oa meno ya utoto. Ninachodharau ni kingine, na sehemu kubwa yake inaitwa kwa jina langu.

Jile yangu ilikuwa ya buluu. Ulikuwa mdogo, huenda unakumbuka rangi tu. Nilichaguliwa kuwa reko, yaani mjumbe wa afya wa kijiji, kwa sababu nilijua kusoma na kwa sababu nilikuwa na mdomo. Tulipelekwa semina. Siku tatu tulikaa kwenye ukumbi tukibandika makaratasi ukutani na kupiga makofi kila mtu alipomaliza kusema jambo ambalo sote tulilijua. Kijana mmoja aliyevaa viatu visivyojua udongo alitufundisha jinsi mwanamke wa kijijini anavyoishi. Nilimwandikia kila neno. Mimi, mwanamke wa kijijini, nilikaa pale nikiandika kwenye daftari jinsi ninavyoishi, na nikamshukuru. Mwishoni wakatugawia jile, tukapigwa picha, na nikarudi hapa mlimani nikitembea katikati ya njia kama mke wa gavana.

Amri ilikuwa moja: ukienda kutembelea nyumba, uvae jile na ubebe rejista, ili jamii ikutambue. Wakanitambua haswa. Wewe ni mtoto wa hapa, unajua kwamba kwetu mimba haitangazwi. Mwanamke wa milima hii ana miezi sita bado anakuambia ni fufu imemjaa tumboni, maana macho ya watu ni mengi na si yote yanayokutakia mema. Mama yangu mwenyewe alijifungua mdogo wangu na jirani akasema hakujua. Sasa mimi naingia kwa mtu mchana kweupe, buluu kifuani, rejista mkononi, natoka baada ya nusu saa. Ni heri ningepiga kengele ya kanisa juu ya tumbo lake.

Haukupita muda kijiji kikajifunza kusoma jile kuliko kinavyosoma Injili. Jile ikiingia kwa fulani, ama ana mimba, ama mtoto wake amekonda, ama anachomwa sindano ya kupanga uzazi. Hakuna la nne. Nilikuwa namwaga mtama kwenye kuku wengi, kila siku, na jioni nilikuwa naifua ile jile kwa sabuni nzuri.

Sasa nikuambie juu ya Mama Feza.

Ulimwita mama mudogo ingawa si damu yetu. Nyumba yake ilikuwa ile ya chini, penye mikaratusi, wanapokaa leo wale wageni waliokimbia vita. Alikubeba mgongoni nilipokuwa na malaria, akakulisha pamoja na Feza wake mliyelingana umri. Ulipokuwa na miaka tisa aliondoka. Ulilia, ukaniuliza ameenda wapi, nami nikakujibu kwamba amefuata mwanaume. Ukaacha kulia. Ukalibeba neno hilo hadi ukubwani. Mwaka jana nilikusikia ukiwa na rafiki yako mnamsema msichana fulani, ukamwambia, "Ataishia sawa yule Mama Feza," mkacheka. Nilikuwa hatua tano tu, namenya mihogo, nikaendelea kumenya.

Ni uongo, Mapendo. Hakufuata mwanaume. Na siku nilipokupa uongo huo nilijua ni uongo, kwa sababu ukweli nilikuwa nao mimi peke yangu.

Alikuwa amezaa watano. Wa mwisho nusura amwondoe. Walimteremsha kwa kipoyi, ile machela ya miti, wanaume wanne wakipokezana, damu ikidondoka njia nzima, na mbwa wakifuata nyuma. Muganga wa hospitali akamwambia wazi kwamba akibeba mimba ya sita watazikwa wote wawili. Mumewe, Papa Feza, alikuwa mchimbaji wa madini kule Rubaya, akija nyumbani kila baada ya wiki chache na tope la koltani kwenye suruali na madai yake ya mume. Alipoambiwa maneno ya muganga alisema watoto ni wa Mungu. Mungu hakuwa ndiye aliyebebwa kwenye kipoyi, lakini wanaume wa aina hiyo humtaja haraka sana.

Basi siku moja tulikuwa tunapalilia. Unajua tunavyolima kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, wanawake kumi na zaidi kwenye mstari mmoja, migongo juu, vichwa chini. Mama Feza alikuwa kushoto kwangu. Hakuinua kichwa.

"Dada, nasikia uko na ile sindano ya miezi tatu."

"Niko nayo."

"Nayitaka. Lakini bwana yangu asijue. Akijua, ataniua ao atanifukuza."

"Hatajua."

"Ukuye kwangu, lakini usikuye na ile jile. Ukuye na njia ya mashamba, ushike jembe, sawa muntu anakuya kuomba mbegu."

"Njo vile," nikamwambia, "usiogope."

Mara ya kwanza nilikwenda hivyo, na jembe begani. Mara ya pili vilevile. Nilimchoma nyuma ya ghala lake, tukazungumza habari za mbegu kwa sauti kubwa, nikaondoka. Alinenepa kidogo. Alianza tena kuimba kwenye mstari. Nilikuwa nafanya kazi ya kweli bila kujua kwamba ndiyo kazi, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniona.

Zamu ya tatu ilipokaribia wakaja wageni wa shirika lililotugawia jile. Magari mawili yaliachwa kwenye barabara ya Mushaki, wakapanda kwa miguu wakihema, chupa za maji mikononi, wakasema wanataka kumwona mama mmoja aliyefikiwa na huduma. Walisema wamwone nyumbani kwake, katika maisha yake ya kawaida. Mapendo, ningeweza kuwaleta hapa kwangu. Ningeweza kuwapeleka kwa bibi mmoja mzee wakamwuliza habari za mgongo wake, wakaridhika, maana walikuwa tayari wanatazama saa. Nikawapeleka kwa Mama Feza. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa msafi na alijua kusema. Kwa sababu nyumba yake ilikuwa mbali, nao wangeona ninavyotembea. Kwa sababu alikuwa ndiye kazi yangu nzuri kuliko zote, na nilitaka isifiwe.

Nilivaa jile. Tulipita katikati ya kijiji, mimi mbele, wao nyuma, watoto wa njia nzima wakitufuata. Mama Feza alikuwa mlangoni anapepeta maharagwe. Aliitazama jile, kisha akanitazama mimi usoni, kwa muda kidogo tu. Halafu akaweka ungo chini, akaleta viti. Wageni walimwuliza kama anaridhika na huduma, akasema, "Tunashukuru." Ndilo neno alilosema, hakuongeza. Walimpiga picha nikiwa mimi mbele yake. Walinivika kilemba cha ukoka, nami nikakivaa shingo ikiwa wima. Ile picha unaijua. Ilikaa ukutani kwetu miaka miwili, ulikuwa unaipangusa vumbi kwa kanga yangu.

Siku ya nne baada ya wageni kuondoka, wanaume walikuwa kilabuni wanakunywa kasiksi. Unawajua walivyo wakishika vikombe, hawana akili ya kupanda kabichi, lakini akili ya kuhesabu matumbo ya wake za watu wanayo. Papa Feza alikuwa amerudi kutoka Rubaya. Mmoja akamwambia, na mwenye kilabu ndiye aliyenisimulia neno kwa neno:

"Papa Feza, bibi yako haiko na tumbo. Batoto bako beko bazima. Ile jile inafuataka nini kwako?"

Papa Feza alinijia kesho yake asubuhi. Hakupiga kelele. Hakuwa na fimbo wala panga, na mimi najua nitakavyojitetea mbele ya Mungu, kwamba nilitishwa, na hata huo utetezi hautanifaa kwa sababu mtu yule alisimama tu pale uani akauliza swali.

"Mama Mapendo, unaletaka kitu gani mu nyumba yangu?"

Ndani ya mfuko wa jile nilikuwa na dawa ya minyoo. Nilikuwa nawagawia watoto wote wa kijiji wiki ile. Ningemwonyesha, ningesema batoto bako beko na minyoo, angekwenda zake, na leo Feza angekuwa na mama. Niliishika ile dawa kwa vidole, ndani ya mfuko. Nikaogopa. Nikafikiri, akija kugundua baadaye atanirudia mimi. Nikamjibu, "Uliza bibi yako."

Ndivyo nilivyosema. Ni jibu la mtu mwenye adabu, ukilisikia kwa haraka. Halina uongo ndani yake. Lakini mwanaume akiuliza mke wake anafanyiwa nini, na mwenye huduma akasema muulize mwenyewe, amekwisha kujibiwa.

Siku ile ile palizi ilikuwa shambani kwangu. Mama Feza alikuja, akashika nafasi yake kushoto kwangu kama kawaida, na mimi sikumwonya. Nilikuwa na muda. Tulilima kama saa moja, bega kwa bega, nikimsikia anavyopumua. Kisha Papa Feza akasimama kwenye mpaka wa shamba akamwita kwa jina lake la ubatizo, ambalo hatukuwahi kumsikia akilitumia. Mama Feza alinyoosha mgongo. Akasimika jembe lake kwenye udongo, mahali alipofikia. Unajua maana yake: mwanamke akiacha jembe limesimama, sehemu yake haiguswi, anarudi. Akapangusa mikono kwenye kitenge akaenda.

Hakurudi. Mumewe alimpiga, ndiyo, tulisikia sote, na mstari mzima uliendelea kupalilia. Kabla jua halijafika utosini alikuwa ametolewa nje na kifurushi, bila watoto. Jioni kijiji kilikuwa kimekwisha kupata sababu: mume yuko Rubaya, mke anachomwa sindano, basi kuna mwanaume. Hakuna aliyemtaja mwanaume huyo kwa jina, maana hakuwepo, lakini hadithi nzuri haihitaji ushahidi. Muganga wa hospitali, kipoyi, damu ya njia nzima, hayo watu waliyaona kwa macho yao, na wakayasahau kwa siku moja.

Familia yake ilidai kikao. Wazee wakaketi, wakaniita. Mjomba wake, mzee mwenye heshima, akaniuliza mbele ya wote:

"Mama Mapendo, weye njo ulikuwa unaingiaka mule. Unajua kitu?"

Nikasema, "Mimi natembeleaka tu manyumba, Papa. Mambo ya ndani siyajue."

Nilijiambia nanyamaza kwa faida ya wanawake wengine. Nikisema ukweli, wanaume watawakataza wake zao, huduma itakufa. Ilikuwa sababu safi kabisa, iliyofuliwa kwa sabuni ile ile ya jile. Ukweli ni kwamba niliona kama nikisema, jile itavuliwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nguo yenyewe.

Na huduma ikafa vilevile. Wanawake si wajinga. Wakiona buluu inapanda mlima, milango inafungwa, watu wameenda kuchota maji. Hata wenye mimba ya kwanza walinikimbia. Rejista yangu ilibaki mistari mitupu, na msimamizi alipokuja kuikagua akaandika kwamba jamii yetu ina uelewa mdogo. Uelewa mdogo. Jamii ilikuwa imeelewa kila kitu, ilikuwa imenielewa mimi. Kule kituoni nako hali ilikuwa hiyo hiyo, maana yule muganga wa zamani alikuwa anasimama kibarazani na kuita kwa sauti ya kuuza mbuzi, "Bale ba sindano bapange mustari huku," halafu anashangaa mbona hawaji.

Feza alilelewa na bibi yake mzaa baba. Aliolewa kabla hajamaliza shule. Unajua aliko, na unajua ana watoto wangapi, na umri wenu ni mmoja.

Jile niliivua msimu uliofuata. Usidhani nilitubu, nilichoka kufungiwa milango. Kuku walitagia humo miaka mitatu, na hiyo ndiyo huduma bora iliyowahi kutoa. Picha niliichoma moto siku ambayo ulikuwa shuleni, nikakuambia panya waliila.

Nikarudi kwenye mstari kwa sababu magugu hayasubiri mtu aliyeaibika. Huko, polepole, bila mtu kunituma, wakaanza tena kunisemesha. Mmoja aliuliza habari ya damu isiyokoma. Mwingine alisema mumewe amerudi kutoka machimboni na sasa anaungua akienda haja ndogo. Wote waliongea wameinama. Aliyekuwa mstari wa mbali aliona migongo tu. Yule muganga mwanamke aliyeletwa kituoni baadaye, uliyefanya naye mazoezi, nilimwambia akitaka kuwaona wanawake aje na jembe. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye, na wa kwanza kupata malengelenge pia. Lakini alikuja. Sindano zilihamia kwenye kikapu cha mbegu, na hazijatoka humo.

Kitu kimoja ambacho semina haikunifundisha ni kwamba kwenye palizi unaona miguu. Mtu anaweza kufunika tumbo kwa vitenge vitatu, lakini analima peku. Kumbuka Mama Esta, mke wa seremala. Nilikuwa nyuma yake, nikaona vifundo vimepotea, nyayo zimejaa kama mkate uliolowa maji. Nikamwuliza kichwa kinauma, akasema tangu juzi, na macho yanaona nyota. Hatukungoja wanaume wakutane wajadili kipoyi. Wanawake tulimbeba wenyewe kwa zamu, na mwanaume mmoja njiani akatuambia ni mwiko mwanamke kubeba mgonjwa, tukampita. Mama Esta yuko hai, na mtoto wake ndiye yule mkorofi anayeiba mapera yetu. Hakuna mgeni aliyekuja kupiga picha, maana kuna nini cha kupiga pale zaidi ya matako ya wanawake walioinama.

Sijui wanawake wa msituni hukutana wapi. Huko hakuna milima ya maharagwe kama yetu. Labda mtoni wanapoloweka mihogo, labda kwenye moshi wa kukaushia samaki. Utapaona wewe mwenyewe ukinyamaza wiki mbili. Patakuwa mahali ambapo mikono ina kazi na wanaume wanaona uvivu kupita. Na mwanamke akikuambia usije na jile, hajakuambia habari ya nguo. Amekukabidhi uhai wake.

Sasa nimefika kwenye sababu ya kufungua begi.

Yule mwanamke anayepeleka fromaji zetu, jibini ya huku, hadi Walikale alirudi mwezi jana akaniambia amemwona Mama Feza. Yuko Mubi. Ana banda kando ya barabara, anawapikia madereva wa malori na wachimbaji. Mwanaume hana. Hajawahi kuwa naye tangu aondoke hapa. Alimtambua mwenye fromaji, akampa sahani ya maharagwe, akamwuliza neno moja tu kuhusu kijiji chetu: "Mapendo anasoma bado?" Aliuliza juu yako. Juu yangu hakuuliza.

Na mwenye fromaji, ambaye hajui lolote, akaniambia kwamba Mama Feza mpaka leo analaani wale wageni wa picha. Anaamini ni wao waliomponza, wao na macho ya watu. Hajui kwamba Papa Feza alikuja kwangu asubuhi ile. Hajui nilichomjibu. Hajui kwamba saa nzima tuliyolima bega kwa bega, mimi nilikuwa najua.

Jembe lake ninalo. Lilibaki limesimama shambani kwangu hadi asubuhi ya pili. Mstari wote ulikuwa umesonga mbele, sehemu yake imebaki na majani, upana wa mtu mmoja. Nikaimaliza mwenyewe, kwa jembe lake, nikalibeba nyumbani. Nimelima nalo miaka yote hii. Mpini nimebadilisha mara mbili, chuma kimelika. Wewe umekula maharagwe ya jembe hilo, karo yako ya shule ilitoka kwenye udongo liliougeuza. Sasa nimelitoa mpini, chuma nimekifunga kwenye kitenge.

Nilikuwa nimekwisha kuipanga kichwani sehemu hii ya barua. Ningekiweka chuma ndani ya begi, mahali pa jile, na kukuandikia hivi: Ukifika Mubi nenda kwanza kwa Mama Feza, mpe jembe lake, umweleze kila kitu nilichokueleza hapa. Ilikuwa inasikika vizuri. Nilijiona mama mwema anayetubu kwa mkono wa binti yake, na wewe ungekuwa ndiye unayesimama mbele ya banda lile, mgeni, huna mtu mwingine mji mzima, ukimwangalia uso anapoelewa.

Nimeweka kalamu chini nikaenda kugeuza maharagwe. Niliporudi nikasoma tena ukurasa ule wa nyuma, pale nilipoandika, "Uliza bibi yako." Nikaona mkono ni ule ule. Miaka yote hii nadhani nimebadilika, kumbe nimebadilisha mpini tu. Nilimtuma mume kwa mke wake ili mimi nisisimame mbele yake, na leo nilikuwa namtuma mwanangu.

Basi barua hii utaikuta juu ya begi, na begi nimelirudisha kama lilivyokuwa. Jile yako imo, sikuigusa. Utaivaa au hutaivaa, ni akili yako. Ukiniona mbaya baada ya kusoma, niache nionekane mbaya, usinitafutie sababu. Nilizitafuta zote mimi mwenyewe kabla yako.

Nilikuwa nimekataa kukuagiza mambo ya safari, sasa ninalo moja. Asubuhi pikipiki ikija, mwambie dereva tutakuwa wawili. Mimi nitarudi na lori la kwanza, na Mama Feza akinifukuza nitarudi mapema zaidi. Begi lako libebe wewe. Jembe nitalibeba mimi.

Mama yako